Uzito wa Neno "Honest" katika Tamthilia ya Othello

Kamusi za Kiingereza huligawa neno "honest" katika maana mbalimbali. Laweza kuwa sifa ya msema kweli, au ya mtu asiyekula amana. Zamani lilikuwa pia sifa ya mwanamke aliyejihifadhi. Tena bwana alimpa mtu wa chini yake, kwa kumsifu pasipo kumhesabu kuwa sawa naye.

Katika Othello, tamthilia ya Shakespeare iliyochezwa London mwaka 1604, maana hizo zote hukaa pamoja. William Empson, katika kitabu chake The Structure of Complex Words cha mwaka 1951, alihesabu kwamba neno hilo pamoja na nomino yake yametumiwa mara 52. Iago huitwa hivyo na wale wale anaowaangamiza. Sifa hiyo ina dharau ndani yake: aliyenyimwa cheo cha luteni apewa sifa ya mtumishi. Kisha neno lilo hilo ndilo Othello analolitafuta kwa mkewe, Desdemona. Kadiri Iago anavyozidi kuonekana "honest", ndivyo mke anavyopokonywa sifa hiyo.

Hapa ndipo penye mtihani wa mfasiri wa Kiswahili. Akiifuata kamusi, ataandika "mkweli" kwa Iago na "msafi wa mwenendo" kwa Desdemona. Sentensi zitanyoka, lakini tamthilia itakatika, kwani msomaji hataona kwamba wawili hao wanapimwa kwa mizani moja.

Neno "mwaminifu" lafaa zaidi. Mtunza amana ni mwaminifu. Mke asiyetoka nje ya ndoa ni mwaminifu vilevile. Isitoshe, latokana na "kuamini", hata sifa ya Iago na kosa la Othello, anayeamini kwa ushahidi wa kitambaa cha mkono, vikawa na shina moja. Kiungo hicho hakimo katika neno la Kiingereza.

Hata hivyo, dharau hupotea, maana "mwaminifu" humwinua aitwaye. Mfasiri hana budi kuitafuta kwingine, pengine katika kiwakilishi: "huyu Iago wetu, mwaminifu". Hasara hiyo ni nafuu kuliko kuwagawia watu wawili maneno mawili, pale mwandishi alipowapa moja ili limpumbaze mume na kumwangamiza mke.