Sikio la Mkunga

Kabla ya kusikiliza, mkunga hupapasa. Viganja vyake hupita taratibu juu ya tumbo la mama mpaka vipate upande ulio mgumu na mrefu: huo ni mgongo wa mtoto. Upande wa pili hukutana na vifundo vidogo vya magoti na viwiko. Hapo mgongoni, karibu na bega, ndipo anapokita fetoskopu, tarumbeta ndogo ya mbao au alumini isiyo na waya wala betri, aliyoibuni daktari Mfaransa Adolphe Pinard mwaka 1895. Anainama, anabana sikio, kisha anaiachia, maana hata kidole kikiigusa hukwaruza na kuufunika mlio. Mkono mmoja umeshika kifundo cha mkono wa mama, asije akahesabu mapigo ya mama akadhani ni ya mtoto. Macho yake yako kwenye saa.

Moyo wa mtoto aliye tumboni kwa kawaida hupiga mara 110 hadi 160 kwa dakika. Lakini kuipata namba hiyo hakujamaliza kazi.

“Mama, mtoto anacheza?”

Swali hilo fupi limebeba elimu kubwa. Mtoto anapojinyoosha au kupiga teke, moyo wake nao huongeza mwendo, kisha hurudi ulikokuwa. Mimba ikifika wiki 32, mapigo hupanda kwa 15 au zaidi, kwa sekunde 15 au zaidi. Mwendo huo ukipanda, ubongo, neva na moyo vinaitikiana, na oksijeni inamfikia mtoto vizuri.

Na akiwa kimya? Mkunga mzoefu hana papara. Mtoto hulala humo tumboni, mara nyingi kwa dakika 20 hadi 40, na akilala moyo nao hutulia. Basi humlaza mama kwa ubavu wa kushoto, wakaulizana habari za nyumbani huku wakingoja. Mara tumbo linatikisika. Mkunga anainama tena, anahesabu dakika nzima, anausikia mwendo ukipanda. Ndipo anapochukua kalamu na kuandika kwenye kadi.

Ufundi huu huanzia kwa mama mwenyewe, kwa kuwa ndiye anayekaa na mtoto usiku na mchana. Mama mjamzito, ukiona mtoto amepunguza kucheza, usingoje kesho wala tarehe ya kliniki. Nenda kituoni leo, asikilizwe.