Picha Bila Baraza

Kitenzi kinachopendwa mno na wanaoandika habari za majumba ya sanaa na masoko ya picha ya Ulaya na Marekani ni kugundua. Mnunuzi hugundua mchoraji, mwenye jumba hugundua mtindo, gazeti hugundua bara zima katika toleo moja la Jumapili. Katika Kiswahili kitenzi hicho hakitumiki ovyo. Mtu hugundua kosa, hila, au dawa. Jirani yake hamgundui, kwa kuwa jirani hakuwa amefichika. Basi mchoraji wa Tanzania akiambiwa kwamba amegunduliwa, mwenye kuipenda lugha hana budi kuuliza: alikuwa amempotea nani?

Swali hilo huonekana vyema zaidi likitazamwa kutoka mbali na kuta nyeupe za majumba hayo. Zombo ni kata ya wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, katika jimbo la Mikumi: nchi ya wakulima, ya Wasagara na Wavidunda na wengine waliohamia. Msomaji wa visiwani huijua sehemu hiyo kwa jina la zamani la Usagara, ilikopita misafara iliyotoka Bagamoyo. Msovero, alikotia alama yake Mangungo mwaka 1884 katika karatasi za Carl Peters, imo katika wilaya hiyo hiyo. Karatasi iliyoandikwa kwa lugha asiyoisoma mwenye mali si jambo geni Kilosa, na katika habari hii ya picha itatokea tena.

Mchoraji wa Tanzania aliyegunduliwa kuliko wote ni Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha akafika Dar es Salaam. Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya mraba vya mbao nyembamba za dari, na picha hizo zikauzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oyster Bay, ambako wanunuzi wengi walikuwa wageni waliokuja kwa kazi, hasa kutoka nchi za Skandinavia. Mwaka 1972 alikufa kwa risasi ya polisi. Hivyo mtindo uliolijaza soko la utalii la Afrika Mashariki yote ulitokana na miaka minne ya kazi ya mtu mmoja.

Katika picha zake bora mnyama mmoja hujaza ubao. Hapana upeo wa macho, hapana kivuli, hapana nyasi ila kimche kimoja au viwili. Mnyama hana mahali pa kusimama isipokuwa ubao wenyewe, na jicho lake humkodolea mtazamaji. Chui wa Tingatinga ana njaa. Waliomfuata, ambao mwaka 1990 waliandikisha chama chao cha ushirika, walizidisha ufundi wa mkono na kupunguza njaa hiyo. Mlima Kilimanjaro ukaja nyuma, jua likazama, ndovu mmoja akawa watano. Si haki kuwalaumu: picha ziliuzwa, karo zikalipwa, na miongoni mwao wapo wenye mkono mwepesi kuliko mwalimu wao. Lakini aliyekuwa akiwasahihisha, picha kwa picha, alikuwa mnunuzi, na mnunuzi yule alikuwa na ndege ya kupanda kesho yake.

Yafaa picha ya ndovu wa namna hiyo ipelekwe, kwa dhana tu, hadi Zombo. Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, i jirani na vijiji vya Kilosa, na ndovu (ndiye tembo wa bara, pwani neno hilo lina ulevi wake) hutoka humo usiku kuingia mashambani. Mkulima hulala dunguni akipiga debe ili ayaokoe mahindi yake. Mtu huyu anamjua ndovu kwa sauti ya matawi, kwa harufu, kwa ukubwa wa nyayo katika tope la asubuhi. Akiwekwa mbele ya ndovu wa waridi mwenye madoa ya samawati, huenda akacheka, huenda akaisifu rangi. Hatimaye ataona kwamba huyu ni ndovu asiyekula. Huo ni uhakiki kamili, na ni uhakiki ambao picha hizo hazikuwahi kukutana nao, kwa sababu njia yao ilikuwa kutoka Oyster Bay kwenda uwanja wa ndege. Laiti ungalifika masikioni mwa wachoraji katika miaka ya 1970, pengine lingalizuka tawi la mtindo huo linalochora dungu, debe na giza.

Kabla ya Tingatinga kulikuwa na kazi nyingine iliyosafiri kwa njia hiyo, nayo ilitoka karibu zaidi na Kilosa. Mwana hiti ni sanamu ndogo ya mti: kiwiliwili kisicho mikono, matiti madogo, na kichwa ambacho nywele zake zimeinuliwa kwa vishungi. Ilichongwa kwa Wazaramo, Wakwere, Waluguru na majirani zao. Mwali alipowekwa ndani alipewa sanamu hiyo, akaipaka mafuta na kuitunza kama mwana. Mwaka 1994 yalifanyika Berlin na Munich maonyesho makubwa ya uchongaji wa Tanzania, na sanamu za nchi hii zikapewa heshima ambayo wafanyabiashara wa vinyago walikuwa wakiwatengea watu wa Afrika Magharibi na Kongo. Hilo lilikuwa jambo la heri, wala hapana sababu ya kulibeza. Ila mtu akisoma vikaratasi vinavyowekwa kando ya sanamu kama hizo katika makumbusho na minada, hukuta kabila, aina ya kitu, urefu kwa sentimita, na jina la Mzungu aliyeimiliki. Jina la mchongaji halimo, na mara nyingi haliwezi tena kupatikana.

Kuna upungufu mwingine, ambao mpenzi wa ushairi atautambua upesi kuliko mtu wa makumbusho. Sanamu ya unyago haikukaa kimya. Ilikwenda pamoja na nyimbo, mafumbo, na tafsiri ya mafumbo iliyotolewa na wanawake wenye kazi hiyo kwa mwali mwenyewe. Nusu ya kazi ile ilikuwa maneno. Kilichofungwa katika sanduku na kupelekwa ng'ambo ni ile nusu inayofungika, na ndiyo inayosifiwa leo kwa usafi wa umbo lake, utadhani mchongaji alikuwa akitafuta umbo tupu. Mtu aliyekiona kitabu cha utenzi akasifu jalada lake hakukosea kuhusu jalada.

Ama kuhusu masoko ya sanaa ya leo, lijulikanalo zaidi kwa kazi za Kiafrika ni 1-54 la London, lililoanza mwaka 2013 katika jumba la Somerset House. Jina lake ni hesabu ya bara moja na nchi 54. Wengi hudhani kuwa soko kama hilo ni maonyesho tu. Kwa kweli ni mtaa wa maduka wa siku chache. Kila jumba la sanaa hukodi kibanda chake, husafirisha kazi kwa gharama yake, na picha ikiuzwa hugawana fedha na msanii, aghalabu nusu kwa nusu. Kidoti chekundu kando ya picha maana yake imekwisha kupata mwenyewe. Kwa kuwa kibanda ni ghali, mwenye jumba huleta kile anachoamini kitauzwa, na kwa kuwa mtazamaji hupita vibanda vingi kwa saa moja, picha ya kuvuta jicho kutoka mbali hupata nafasi kuliko ile inayotaka mtu akae nayo. Hayo si maovu ya mtu fulani. Ndivyo soko linavyokwenda. Wasanii wengi wa Afrika Mashariki wameishi kwa fedha za masoko hayo, nao wanastahili.

Shida ni pale ambapo soko linakuwa ndilo baraza pekee. Msomaji wa pwani ajiulize mshairi hupimwaje. Mtunzi akisoma shairi lenye mizani iliyopungua, wapo barazani watakaomkatiza kabla ya kituo. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilichapisha tungo za watu waliojibizana kutoka miji mbalimbali, mmoja akimrudi mwenzake kwa vina vile vile. Hapana aliyelipa wala kulipwa kwa kumwambia mwenziwe kuwa neno lake limekwenda upande. Mashairi mabaya yalichapwa pia, tena mengi. Lakini yalihukumiwa na watu wenye lugha moja na mtunzi, waliokuwa na wasiwasi ule ule wa mvua na bei ya unga. Mchoraji hana Mambo Leo yake. Picha yake ikiwa na mizani iliyopungua, atajulia wapi?

Matokeo ya kukosa baraza yalionekana wazi Venice, penye maonyesho makongwe ya kimataifa yanayofanyika kila baada ya miaka miwili. Mwaka 2013 banda la Kenya lilijaa wasanii wa China, na mwaka 2015 ilipangwa iwe hivyo tena, hata wasanii wa Nairobi wakapiga kelele na serikali ikajitoa. Uganda iliingia kwa mara ya kwanza mwaka 2022 na ikatajwa kwa sifa na waamuzi. Kazi za Acaye Kerunen zilikuwa za nyuzi na majani yaliyosukwa kwa ufundi wa wanawake wa vijijini. Tanzania ilipata banda lake la kwanza mwaka 2024. Picha za banda hilo zilikwenda na kurudi bila mabishano ya maana kwa Kiswahili kuhusu uzuri wake au ubovu wake. Mpira wa miguu ukichezwa nje ya nchi hauwezi kupita kimya namna hiyo.

Juhudi za nyumbani zipo, tena za muda mrefu. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alifungua jumba la picha la Kibo kwenye miteremko ya Kilimanjaro katika miaka ya 1960, kati ya migomba, akiamini kuwa mkulima ni mtazamaji. Wazo hilo lilikuwa na maana kubwa kuliko yote yaliyofuata, na halikupata wa kuliiga mikoani. Mwaka 2003 Yves Goscinny alianzisha maonyesho ya sanaa ya Afrika Mashariki ya kila baada ya miaka miwili, Dar es Salaam. Tangu mwaka 2008 Nafasi, huko Mikocheni, imewapa wasanii vyumba vya kazi ndani ya makontena ya meli. Kila moja ya hizo ni kazi ya kushukuriwa. Lakini kutoka Mikumi hadi Mikocheni ni karibu kilomita 300, na anayefika huko aghalabu hukuta maelezo ukutani yakiwa ya Kiingereza. Karatasi ile ya Msovero imegeuka kikaratasi cha ukutani.

Mwanamke mmoja aliyezaliwa Unguja mwaka 1954 na kuchukuliwa Uingereza akiwa mchanga ameyafikiria mambo haya ya majina na maelezo kuliko wengi. Lubaina Himid alipata Tuzo ya Turner mwaka 2017, akiwa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Katika kazi yake ya mwaka 2004, Naming the Money, watu 100 wa mbao waliochorwa, wakubwa kwa kimo cha mtu, husimama ukumbini: wapiga ngoma, washona viatu, waganga wa mitishamba, wachora ramani, wote wakiwa watumwa katika nyumba za matajiri wa Ulaya. Kila mmoja amebandikwa mgongoni karatasi yenye jina lake la kwao, jina alilopewa na bwana wake, na kazi aliyoifanya kabla na baada. Mtazamaji hapati kuwajua mpaka azunguke nyuma yao. Hapo kikaratasi, ambacho katika makumbusho hufuta jina, kimelazimishwa kulirudisha.

Himid amechora pia kwa mtindo wa kanga, pindo, mji na jina, na badala ya methali akatia maneno ya washairi na waandishi weusi kwa Kiingereza. Baadhi ya picha hizo ni nzuri sana. Katika nyingine jina limekuwa refu na zito, kama kanga iliyoandikwa na mtu aliyeisoma zaidi kuliko alivyoivaa. Jina la kanga hutaka kuchoma na kukimbia. Huo ni uhakiki ambao mwanamke yeyote wa Zombo angeweza kuutoa papo hapo, kwa kuwa kanga anaijua. Huisimamia dukani, huikunjua, huyasoma maneno, hutazama kama rangi ya pindo inaivana na mji, humfikiria atakayeyasoma maneno hayo mgongoni pake, na mara nyingine huirudisha juu ya meza kwa sababu jina halina makali.