Kusoma Kilima cha Shaba

Ukitoka Kingamyambo, ambako mabaki ya uchenjuaji wa mtambo wa Kolwezi, huko Kongo, yalilala kwa miongo mingi, ukaelekea mashariki hadi Tenke na Fungurume, utakuta vilima vitupu katikati ya pori la miombo. Mgeni hudhani miti imekatwa kwa ajili ya makaa. Sivyo. Shaba na kobalti za udongoni ndizo zinazoizuia isiote, na nafasi hiyo imeshikwa na nyasi na maua, mengine yasiyopatikana popote nje ya Katanga.

Huko wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Gembloux, Ubelgiji, wamefanya kazi ninayoihusudu: kupanga namna ya kunusuru mimea ya kilima ambacho kitachimbwa. Mraba mdogo hupimwa kwa kamba, kila mmea ndani yake huandikwa, udongo wake huchukuliwa. Hatua chache tu kutoka hapo shaba imepungua na majirani wamebadilika: mwambani mimea michache iliyozoea ukame, mteremkoni nyasi, chini kabisa miti inajitokeza. Tena mtu lazima arudi. Kuna mimea inayochanua mwisho wa kiangazi, ardhi ingali nyeusi kwa moto na mvua haijanyesha. Mingine husubiri maji. Aliyepita mara moja ameona nusu ya kilima.

Kwa Dikuluwe, karibu na Kolwezi, kazi hiyo ilichelewa. *Acalypha dikuluwensis* ilionekana mara ya mwisho 1959. Machimbo yakachukua makao yake, na leo imo katika orodha ya mimea iliyotoweka.

Kwenye kilima ambacho bado hakijachimbwa, mbegu huchumwa zikiwa zimekomaa, moto wa nyasi haujapita, na nyingine huachwa kwenye shina ili kilima kijipande chenyewe. Kazi ngumu kuliko zote, na kwangu nzuri kuliko zote, ni kuhamisha udongo wenyewe. Wataalamu wamejaribu kuumwaga na kuutandaza; wamejaribu pia kubeba mabonge mazima, nyasi juu na mizizi chini, na kuyapanga upya mahali pengine. Bonge halipinduliwi, maana chini ya shina kuna viazi na vitunguu vya porini vinavyolala kiangazi kizima. Kisha hurudi kuhesabu, mwaka hadi mwaka, nini kimeshika na nini kimekufa.