Tupa na Sindano: Mtoto na Makali katika Kisa cha Fumo Liyongo

Methali isemayo "Mtoto akililia wembe mpe" huchukuliwa na wengi kuwa imekwisha kukata shauri juu ya mtoto na makali: jeraha litamfunza. Fasihi simulizi ya Waswahili, hata hivyo, ina fikira pana zaidi, na makala haya yanakusudia kuionyesha kwa kukihakiki kisa cha Fumo Liyongo, ambacho Edward Steere alikichapisha kwa nathari mwaka 1870, na ambacho Muhamadi Kijumwa wa Lamu alikitungia utenzi mwaka 1913.

Kisa hiki kimejengwa juu ya zana mbili. Ya kwanza ni tupa. Liyongo akiwa kifungoni, mamaye huificha ndani ya mkate wa wishwa. Walinzi, ambao hujitwalia vyakula vizuri, huudharau mkate huo na kumwachia mfungwa. Vishindo vya ngoma vikiwa vimehanikiza nje, Liyongo huikereza minyororo hata ikakatika. Zana ya pili ni sindano ya shaba. Hii hutoka kwa maadui, wakapewa nayo mwana, naye humchoma babaye kitovuni angali usingizini.

Usimulizi wa darasani aghalabu huelemea sindano peke yake, na funzo likawa ni ubaya wa usaliti. Funzo hilo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Tupa na sindano zimewekwa zitazamane: moja imetoka kwa mzazi ikamwokoa mwana, nyingine imetoka kwa mwana ikamwua mzazi. Atakayeiacha tupa atamfanya mtoto aamini kwamba kila kilichonolewa kimenolewa kwa ajili ya kuua.

Ulinganisho na masimulizi ya Wajerumani wa kale unalidhihirisha jambo hili. Watu hao walibeba kisu cha makali upande mmoja kilichoitwa seax, na jina la Wasaksoni huaminiwa kuwa limetokana nacho. Katika masimulizi yao upanga una jina na nasaba: Gram, upanga wa Sigurd, umefuliwa kwa vipande vya upanga wa babaye, nao hulipasua fuawe. Siegfried naye, kama Liyongo, ana mahali pamoja tu panapoingia silaha, baina ya mabega. Lakini siri yake hutolewa na mkewe akidhani anamkinga, hali Liyongo huitoa mwenyewe kwa mwanawe. Tena, zana za Liyongo hazina majina. Msanii wa mwambao hakuutukuza ubapa. Ameuelekeza mzani kwenye mkono unaoushika. Hapo ndipo ulipo ubora wa kisa chake kwa watoto, nao si udhaifu wa fani.

Suala hili si la maktabani tu. Katika Eldoret na mashamba ya Uasin Gishu yanayouzunguka mji huo, mtoto hukua akiliona panga likikata mabua ya mahindi wakati wa mavuno. Katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, panga hilo hilo liligeuzwa silaha baina ya majirani. Mwalimu hawezi kujifanya kwamba watoto hawayajui hayo, maana wazazi wao waliyaona. Kuwanyamazia si kuwalinda, wala kuwapa wembe ili wakatwe si kuwafunza.

Kwa hiyo kisa cha Liyongo chafaa kusimuliwa kikamilifu, na swali la kwanza la darasani lisiwe "Nani alimwua Liyongo?" bali "Nani alimpa tupa, na nani alimpa mwanawe sindano?" Mtoto atakayeweza kulijibu atakuwa amekwisha kutambua kwamba chuma hakina nia. Nia ni ya mwenye kukitoa na mwenye kukipokea.