Kwaheri ambayo kamera haikuona

Wandugu, mwenye hajaona The Last Dance (2020): ni filamu ya vipande 10 juu ya mwaka wa mwisho wa Chicago Bulls ya Michael Jordan, 1997-98. Vikapu vyote tunavijua. Miye ninashika kitu kimoja cha kipande cha mwisho.

Ekipe inakaribia kuvunjika. Kocha Phil Jackson anaomba kila mutu aandike ekipe hii ilikuwa nini kwake. Kila mmoja anasoma yake, karatasi inaingia ndani ya kopo la kahawa, kisha zinachomwa. Sisi hatuoni, tunasimuliwa tu.

Hapo njo nguvu ya filamu. Scottie Pippen, wa 6 tu kwa mushahara katika ekipe ile, karatasi yake inakuwa majivu sawa na ya Jordan.

Lakini katika kipande hicho hicho, Jordan anaachiwa kulalamika kombe la 7 ambalo halikuchezwa, na anajibu hata kwa niaba ya wenzake: wangebaki. Ndiyo uzaifu wa filamu. Kwenye kopo kila mutu alijisemea. Kwenye kamera, mukubwa anasemea wote.

Na siye? Mradi ukiisha, tunapigaka foto, shefu anahutubia, basi. Ule mwenye alibeba kazi anaenda kimya. Foto ingoje kidogo. Mumusikilize kwanza.