"Give up" si kukata tamaa tu

Katika kusahihisha kazi za tafsiri za wanafunzi wetu, tumekuta tena sentensi hii: "Daktari alimshauri akate tamaa kuvuta sigara." Chanzo ni kitenzi cha Kiingereza "give up", ambacho wengi wamekikariri kwa maana moja tu. Mvutaji huacha sigara. Askari aliyezidiwa husalimu amri. Kijana humwachia mzee kiti. Anayekata tamaa ni yule aliyepoteza matumaini. Lawama si ya wanafunzi peke yao: sisi walimu huwapa orodha za maneno bila sentensi. Tukifundishe kitenzi hiki pamoja na yambwa yake. Mtafsiri wa kesho ndiye atakayeandika ushauri wa daktari, na mgonjwa ataufuata kama ulivyoandikwa.