Mkunde Unavyomtambua Mlaji Wake

Mchuma mboga wa Butiama hukata majani machanga ya kunde kwa ukucha, na mkunde huendelea kuchipua. Kiwavi naye hulikata jani hilo hilo. Kwa macho yetu jeraha ni jeraha tu, lakini mkunde huyatofautisha, na ufundi huo unastahili kutazamwa taratibu.

Kiwavi anapotafuna jani, humeza pia protini ambayo mmea huitumia kuzalisha nishati kutokana na mwanga. Tumbo lake huikatakata. Kipande kimoja kidogo, chenye asidi amino 11, hurudi mdomoni na kuingia katika jeraha. Mwaka 2006 Eric Schmelz na wenzake walieleza kuwa hicho ndicho kinachoushtua mkunde, wakakiita inseptini. Walikipata katika matapishi ya kiwavijeshi vamizi, yule yule aliyevamia mahindi yetu Tanzania mwaka 2017. Ajabu yake ni hii: mmea haumtambui adui kwa sura, bali kwa mabaki ya mwili wake wenyewe yaliyokatwa na tumbo la mwingine.

Anayekidaka kipande hicho ni protini iliyokaa juu ya utando wa seli, yaani kipokezi. Jeraha tupu huamsha asidi ya jasmoniki, homoni ya kujilinda ya mmea, kwa kiasi. Inseptini ikigusa kipokezi, mwitikio hupanda zaidi. Jani hutoa gesi ya ethileni, hutengeneza protini zinazomvuruga kiwavi mmeng'enyo, na hutoa harufu. Kiwavi hafi papo hapo. Anakua kwa shida, basi, na kwa mdudu anayewindwa na nyigu kuchelewa kukua ni hatari kubwa.

Kipokezi chenyewe kilitambuliwa mwaka 2020, na njia iliyotumika naipenda kuliko matokeo: Adam Steinbrenner na wenzake walilinganisha aina za kunde zisizoitikia sawasawa, wakafuata tofauti hiyo mpaka kwenye jeni moja. Walipoiingiza katika tumbaku, mmea usio wa jamii ya kunde, nao ukaanza kuitambua inseptini. Mahindi hayana kipokezi hicho.

Kwa kuwa aina za kunde haziitikii sawasawa, wewe unayelima Bunda, au unayenunua mbegu Musoma, usiiache kunde ya nyumbani ipotee kwa sababu tu imeletwa mpya. Panda zote mbili, na utunze mbegu ya kila moja peke yake.